Chupa za soda zilizofukuliwa Eastleigh: mdomo kwanza, maandishi baadaye

Swali: Habari za kazi, mzee. Mimi ni msimamizi wa mjengo hapa Eastleigh. Tulipokuwa tukichimba msingi, vijana walitoa chupa tano kwenye udongo mweusi, kina cha kama mita mbili. Ya kwanza ina gololi ndani ya shingo, kioo chake ni kijani hafifu. Ya pili kitako chake ni cha umbo la yai, haisimami. Ya tatu imevunjika ubavu. Ina maandishi yaliyoinuka, lakini ninachoweza kusoma ni NAIROBI na herufi B.E.A. Ya nne ni Coca-Cola, kwenye kitako ina namba 27 na vijidoa vidogo kuzunguka ukingo. Ya tano ni ndogo, ya kahawia, ina mistari ubavuni na bado kuna maji mazito ndani. Mzee mmoja jirani anasema zote ni za wakati wa kujengwa reli. Jamaa mwingine ananisukuma niziuze Gikomba haraka. Nitajuaje umri wake, na je, ni mali?

Jibu: Ndugu yangu, chupa zako hazina umri mmoja. Ile isiyosimama na ile yenye B.E.A. zinaweza kuwa za kabla ya 1920. Ya gololi inaweza kuwa ya miaka hiyo au ya baadaye sana. Ya Coca-Cola ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Na kwa kuwa zimetoka pamoja, udongo uliozifunika hauwezi kuwa wa zamani kuliko chupa iliyo changa kuliko zote. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899. Coca-Cola iliingia Kenya 1948. Mzee wa jirani ameruka karibu nusu karne.

Kila chupa ina tarehe mbili: siku ilipotoka kiwandani na siku ilipotupwa. Watu huniuliza ile ya kwanza, nami huwarudisha kwenye ya pili, kwa sababu chupa ya soda si kitu cha kutumia mara moja. Wewe mwenyewe umelelewa na sheria ya duka: huondoki na soda ya chupa mpaka uache chupa nyingine au pesa ya chupa. Desturi hiyo ni ya zamani. Kioo kilitoka mbali kwa meli na kwa treni, kilikuwa ghali kuliko kilichomo ndani, kwa hiyo mwenye kiwanda aliichunga chupa yake na kuijaza tena na tena. Chupa iliyotengenezwa mwaka fulani ingeweza kuzunguka mjini miaka mingi ndipo ikaishia shimoni. Ndiyo maana nakuomba utazame begani na chini karibu na kitako: ukiona mkanda wa kioo kilichofifia na kukwaruzika kuzunguka chupa nzima, hiyo ni alama ya kugongana na wenzake kwenye kreti na kwenye mashine ya kuoshea. Chupa yenye mkanda mpana ilifanya kazi sana kabla ya kuzikwa. Tazama pia kama mdomo umemegeka. Chupa yenye thamani dukani haitupwi bure. Nyingi tunazokuta mashimoni zilimegeka mdomo zikakataliwa.

Sasa hiyo mita mbili. Wachimbaji wengi hushika kina kama ushahidi wao mkubwa, na katika udongo mweusi wa Eastleigh ni ushahidi dhaifu sana. Wewe ni mtu wa mjengo, unaujua udongo huo kuliko mimi. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo zinaweza kushuka zaidi ya mita moja. Mvua ikija unavimba, nyufa zinajifunga, na kilichotumbukia ndani kinabaki humo. Kila mwaka udongo unajigeuza hivyo, vitu vya juu vinashuka na mawe ya chini yanasukumwa juu. Kungekuwa na udongo mwekundu wa Parklands au Kabete ningekisikiliza kina kwa makini zaidi. Tena kuna jambo la pili: Nairobi nzima imejaa udongo wa kuhamishwa. Makandarasi huondoa udongo mweusi kwenye kiwanja kimoja na kuumwaga kwingine, machimbo ya mawe ya zamani yamezibwa kwa takataka, na shimo la choo likijaa lilifunikwa likasahauliwa. Kabla hatujasema lolote waulize vijana wako: chupa zilikuwa mahali pamoja au kila moja pembe yake? Kulikuwa na majivu, mkaa, mifupa, vipande vya sahani? Udongo uliozunguka ulikuwa laini na wa rangi tofauti na ule wa kando? Ukipata majivu na mifupa, hilo ni shimo la takataka la nyumba. Ukipata kokoto na matofali yaliyovunjika yaliyochanganyika ovyo, huo ni udongo wa kujazia, na chupa zinaweza kuwa zimetoka mtaa mwingine kabisa.

Twende kwenye chupa zenyewe. Anza na mdomo, usianze na maandishi. Lowesha kitambaa, futa shingo, kisha washa tochi ya simu na utafute mshono. Kalibu ya chupa ilikuwa ya vipande viwili vinavyofungwa pamoja, na kioo cha moto kikijaa ndani huacha mstari mwembamba pale vipande vinapokutana. Ufuate mstari huo kutoka kitakoni kwenda juu. Chupa iliyopulizwa kwa kinywa ilikatwa kutoka kwenye bomba la mpulizaji, halafu fundi akamalizia mdomo kwa mkono: akauongezea kioo cha moto na kuuzungusha kwa chombo maalumu mpaka ukawa mviringo. Kuzungusha huko kulifuta mshono. Kwa hiyo kwenye chupa ya mkono mshono unapanda begani, unaingia shingoni, kisha unapotea kabla ya kufika mdomoni, na juu yake utaona mistari myembamba inayozunguka. Kwenye chupa ya mashine mdomo hutengenezwa mwanzo kabisa, ndani ya kalibu yake yenyewe. Mshono unapita hadi juu ya mdomo, na mara nyingi kuna mstari mwingine wa kulala chini kidogo ya mdomo, pale kalibu ya shingo ilipokutana na ya tumbo.

Mashine za kwanza zilianza Yorkshire, Uingereza, katika miaka ya 1880, kazi ya Howard Ashley, lakini bado zilihitaji mtu wa kuzilisha kioo. Mashine iliyojiendesha yenyewe ni ya Mmarekani Michael Owens, 1903. Hiyo ilivuta kioo kutoka kwenye tanuri na kukikata kwa kisu, na kisu kiliacha duara kwenye kitako, mara nyingi limekaa upande badala ya katikati. Ukiona duara la namna hiyo lenye kingo zilizochakaa, chupa si ya kabla ya 1903.

Hapa nakutahadharisha na vitabu vya wakusanyaji wa Marekani, ambavyo vijana wengi huvisoma mtandaoni. Vinasema mshono ukikoma chini ya mdomo basi chupa ni ya kabla ya Vita vya Kwanza. Kwa Marekani hiyo ni kanuni nzuri. Chupa zetu za zamani zilikuja zaidi kutoka Uingereza, na viwanda vingi vya Uingereza viliendelea na kazi ya mkono hadi miaka ya 1920. Ukitumia kanuni ya Marekani Nairobi, kila chupa itaonekana mzee kuliko umri wake.

Kadhalika kizibo cha bati chenye meno, hiki hiki unachokifungua leo dukani. William Painter wa Baltimore, Marekani, alipata hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, 1892. Kwingineko duniani mdomo wa kizibo hicho husaidia kutenga chupa mpya na za kale. Kwetu hausaidii kitu kwa peke yake, maana mji wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko kizibo. Kizibo chenyewe ndicho kinachoweza kusema zaidi. Vijana wakikuta vilivyooza karibu na chupa, hesabu meno: vya mwanzo vilikuwa na 24, vya siku hizi vina 21. Pindua uangalie ndani. Kama kuna mabaki ya kipande cha gome laini la mti badala ya plastiki, hicho ni cha zamani.

Chupa yako ya gololi ndiyo watu huipenda, na ndiyo inayowapoteza wengi. Ni ubunifu wa Mwingereza Hiram Codd, miaka ya mwanzo ya 1870. Ndani ya mdomo kuna mfereji uliowekewa pete ya mpira. Chupa ilijazwa ikiwa imepinduliwa. Gesi ikaisukuma gololi ikakaza kwenye pete, na hapo soda imejifunga bila kizibo chochote. Kuifungua unaisukuma gololi chini kwa kijiti. Angalia shingoni utaona mabonde mawili yaliyobonyezwa: unapomimina unaielekeza chupa upande huo, gololi inakaa bondeni na haikuzibii njia. Kwenye chupa hii sheria ya mshono inalegea, kwa sababu gololi ilibidi iingizwe kwanza ndipo mdomo ukabanwa na kumaliziwa kwa chombo. Kwa hiyo usitumie mshono wa mdomoni kuipa umri.

Waingereza waliiacha chupa hii kadiri kizibo cha bati kilivyoenea, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha kwao. India hawakuiacha. Mpaka leo soda ya gololi inauzwa huko barabarani. Eastleigh kwa miaka mingi ilikuwa mtaa wa Wahindi wengi, kwa hiyo siwezi kuiona chupa ya gololi Eastleigh nikaapa kuwa ni ya 1900. Kinachoweza kuamua ni jina la kiwanda cha kioo, na hilo hukaa chini kabisa: ama kwenye kitako, ama ubavuni karibu na kitako kwa herufi ndogo. Ukisoma Rylands na Barnsley, hiyo ni Uingereza, nyumba iliyoshirikiana na Codd mwenyewe. Ukisoma C.S. & Co., hiyo ni kampuni ya Cannington, Shaw ya St Helens, Uingereza, na jina hilo linakoma 1913 kampuni ilipounganishwa na nyingine kuwa United Glass Bottle Manufacturers, ambao herufi zao ni U.G.B. Alama hizo mbili zinafurahisha sana kwa mtu wa kazi yangu: moja inaishia 1913, nyingine inaanzia hapo hapo.

Jambo moja zaidi kuhusu hiyo gololi. Umesema bado imo ndani. Watoto walizivunja chupa hizi kwa wingi ili wapate gololi ya kuchezea bano, na hilo lilitokea Uingereza kama lilivyotokea India. Chupa iliyofika ardhini na gololi yake huenda ilipotea au ilifunikwa mapema, kabla mtoto hajaiona. Kama siyo hivyo, ni ya kuletwa juzi: siku hizi chupa mpya za namna hii zinatengenezwa kwa ajili ya mapambo. Hizo zina kioo kinachong'aa, sawasawa kila mahali, kitako kisicho na mkwaruzo hata mmoja. Yako imetoka kwenye udongo mbele ya mashahidi, kwa hiyo sina shaka nayo, lakini mtu akikuletea nyingine baada ya kusikia habari zako, tazama kitako kabla ya kutoa pesa.

Ile isiyosimama inaitwa Hamilton, kwa jina la William Hamilton aliyeieleza kwenye hataza mwanzoni mwa karne ya 19. Haikukosewa kutengenezwa. Kizibo cha gome kikikauka kinasinyaa na gesi inatoroka. Chupa ikilazimika kulala, kinywaji kinakilowesha kizibo muda wote. Ilitumika hadi kwenye miaka ya Vita vya Kwanza. Lakini mdomo tena: kama ni mdomo mnene wa duara uliofanana na donge, ulifungwa kwa kizibo cha gome na waya, na hiyo ni ya zamani. Kama mdomo ni mwembamba wenye ukingo wa kushika kizibo cha bati, basi kitako ni cha mtindo wa babu na mdomo ni wa karne ya 20. Zilikuwepo za namna hiyo. Hukuniambia mdomo wake ukoje. Ndilo jambo la kwanza ninalotaka kujua.

Sasa ile iliyovunjika. Ungeniuliza nichague moja katika tano nikae nayo, ningechukua hiyo, na jamaa wa Gikomba pengine angeitupa. Chupa za gololi zilitengenezwa kwa mamilioni. Yenye jina la mtengeneza soda wa Nairobi ilitengenezwa kwa agizo la mtu mmoja, kalibu ikachongwa kwa jina lake, na biashara nyingi za namna hiyo hazikuacha kitu kingine chochote nyuma yao ila kioo hicho.

B.E.A. ni jina la Kiingereza la Afrika Mashariki ya Waingereza, jinsi nchi hii ilivyoitwa kabla ya 1920. Mwaka huo ikawa Koloni la Kenya, na wafanyabiashara wakaanza kuandika Kenya kwenye chupa na bahasha zao. Kwa hiyo chupa yako iliagizwa kabla ya 1920 au karibu sana na hapo. Nasema karibu kwa sababu kalibu ilikuwa ghali na hakuna mfanyabiashara angeitupa kwa kuwa tu serikali imebadilisha jina la nchi. Tena chupa zilizokwisha kutengenezwa ziliendelea kuzunguka, kwa hiyo kutupwa kwake kunaweza kuwa kwa miaka ya 1920 au zaidi.

Soma herufi zilizobaki hivi. Subiri usiku, zima taa, laza tochi pembeni ili mwanga upite juu ya kioo, usiangaze moja kwa moja. Herufi zilizolika zitatupa kivuli. Au weka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli iliyolazwa. Usipake rangi wala wino. Ukipata jina la barabara, umepata kipimo kizuri sana. Government Road ikawa Moi Avenue baada ya Moi kuingia madarakani 1978. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue baada ya uhuru. Victoria Street ilipewa jina la Tom Mboya, aliyeuawa 1969. Bazaar Street ndiyo Biashara Street ya leo. Chupa yenye anwani inakuwa imefungwa ndani ya umri wa barabara hiyo. Ujazo nao unasema: ukiandikwa kwa aunsi ni dalili ya zamani za Mwingereza, ukiandikwa kwa mililita ni baada ya uhuru tulipohamia vipimo vya metri.

Ukipata hata nusu ya jina la mtu, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue uombe magazeti ya zamani. East African Standard, gazeti ambalo Alibhai Mulla Jeevanjee alilianzisha Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 na ambalo lilihamia Nairobi 1910, lilijaa matangazo ya maduka na viwanda vidogo. Tafuta miaka ya 1910 hadi 1925. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini tangazo moja likipatana na kioo chako, umepata kitu ambacho hakuna muuzaji wa Gikomba anayeweza kukupa.

Ya Coca-Cola nitaimaliza upesi. Namba 27 kwenye kitako si mwaka 1927. Namba za kitakoni mara nyingi ni za kalibu, ili kiwanda kikiona chupa zenye kasoro kijue kalibu ipi irekebishwe. Umbo hilo la kiuno lilipewa hataza Marekani tarehe 16 Novemba 1915. Zipo chupa za Marekani zilizoandikwa tarehe ya Krismasi ya 1923, na wenye nazo husherehekea wakidhani wameshika chupa ya mwaka huo, kumbe ni tarehe ya hataza, na ziliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baadaye. Kipimo chako ni hivyo vijidoa kuzunguka ukingo wa kitako. Viliwekwa ili chupa ya moto isigusane kwa kioo chote na mkanda wa mashine, na vilianza karibu 1940. Ukiongeza na 1948, mwaka kinywaji hicho kilipoingia Kenya, tuna mwanzo. Ili kupata mwisho tazama jina la soda: kama limeinuka kwenye kioo chenyewe ni ya mapema; kama ni rangi nyeupe iliyochomewa juu ya kioo, Coca-Cola walianza hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Njia hii ya kutumia jina la kinywaji ni rahisi na watu huisahau. Sprite ilianza Marekani 1961. Shimo lenye kipande cha chupa ya Sprite haliwezi kuwa la mkoloni, hata likiwa na kina cha mita tano.

Kwa hiyo shimo lako lina kitu cha kabla ya 1920 na kitu cha baada ya 1948 kwa pamoja. Dhana yangu, mpaka uniambie habari za majivu na kokoto, ni udongo wa kujazia au udongo mweusi uliojigeuza wenyewe. Kinachoweza kunibadilisha mawazo ni sarafu. Waambie vijana wasizitie mfukoni kabla hujaziona. Zenye maneno ya Afrika Mashariki na Uganda ni za kabla ya 1920. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Ndururu zenye tundu ziliendelea mpaka Kenya ilipotoa sarafu zake 1966. Sarafu moja iliyokutwa chini ya chupa ina uzito kuliko maneno yangu yote. Plastiki nayo usiidharau: hata kifungo kimoja cha plastiki ya kisasa kikiwa chini ya Hamilton, habari ya reli imekwisha.

Rangi ya kioo usiipe umuhimu mkubwa. Kijani hafifu kinatokana na chuma kilichomo kwenye mchanga wa kawaida, na kilitengenezwa zamani kama kinavyotengenezwa leo. Zambarau ina maana kidogo: kioo cheupe cha zamani kilitiwa manganizi ili kuua ukijani, na jua la miaka mingi hukigeuza zambarau. Lakini kilichozikwa hakikuona jua, kwa hiyo usiitarajie kwako. Ukiona ngozi ya rangi nyingi zinazocheza kama mafuta juu ya dimbwi, hiyo si rangi ya kiwandani. Kioo cha chupa ni mchanga, chokaa na magadi, haya haya tunayochimba Ziwa Magadi, ambako kampuni ya magadi ilianzishwa 1911. Maji ya ardhini huyanyonya magadi kutoka kwenye uso wa kioo taratibu, na kinachobaki ni utando mwembamba unaobambuka. Unaonyesha unyevu wa mahali kuliko umri: chupa ya miaka 50 kwenye bonde lenye maji yaweza kuwa na utando mzito kuliko ya miaka 100 mahali pakavu.

Ile ndogo ya kahawia sidhani ni ya soda, na usiifungue. Mistari iliyoinuka ubavuni iliwekwa kwenye chupa nyingi za sumu na dawa kali ili mtu aliyeishika gizani aitambue kwa vidole. Usinuse, usimwage kwenye sinki wala mtaroni. Ifunge ndani ya mfuko mzito, iwekwe mbali na vijana, na uulize kemia wa serikali au duka la dawa lenye mtaalamu namna ya kuitupa.

Nyingine zisafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uziloweke usiku kucha, kisha utumie brashi laini. Usitie chupa baridi kwenye maji ya moto, itapasuka mikononi mwako. Usitumie asidi ya vyoo wala steel wool. Ule utando wa rangi usiusugue. Ukiutoa umetoa ngozi ya kioo, na hairudi. Iliyovunjika iache na udongo wake mpaka upige picha ya herufi. Na vijana wavae glavu na viatu vigumu wanapoendelea, maana penye chupa tano pana vipande hamsini, na pepopunda haisubiri mtu akamilishe msingi.

Kuhusu mali: sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kama vitu vya kale vinavyolindwa vile vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Nairobi haikuwapo mwaka huo, kwa hiyo chupa zako nyingi ziko nje ya mstari. Hamilton peke yake ndiyo inayokaribia, kwa kuwa ingeweza kuletwa nchini mapema na kufika Nairobi baadaye, na mimi ningeipeleka kwa picha Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill kabla ya kuuza chochote. Halafu kuna mwenye kiwanja. Zilitoka kwenye ardhi yake, na ugomvi wa chupa unaweza kukupotezea kazi iliyo na pesa zaidi kuliko chupa. Zungumza naye kwanza, mwandikiane. Gikomba utapewa bei ya kioo cha mapambo. Ya gololi na Hamilton zikiwa hazikumegeka zina wanunuzi kwa watu wanaozikusanya, lakini si utajiri. Ile ya B.E.A. haina bei sokoni kwa kuwa imevunjika, na makumbusho ndiyo mahali pake.

Nitumie picha nne: mdomo wa Hamilton kwa karibu, kitako cha ile ya gololi, herufi za ile iliyovunjika ukiwa umelaza mwanga pembeni, na ukuta wa shimo lenyewe ukiwa na rula kando yake kabla zege halijamwagwa. Hiyo ya mwisho ndiyo ya haraka. Chupa zitaningoja, zege halitangoja.